Tuulizeni kwanza kabla hamjashusha miche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni. Kijijini kwetu huku Shinyanga mwaka juzi walikuja watu wa mradi wa miti, wakatuita mkutano, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda, na wiki ileile gari ikashusha miche. Mwezi wa sita! Mvua zimeshakatika, malambo yanakauka, mama zetu wanahangaika na ndoo kutafuta maji ya kunywa, huo mche nani aumwagilie? Kuna mzee alinyoosha mkono aulize, akaambiwa muda umeisha. Saizi limebaki bango la chuma tu lenye jina la mradi.

Inaniuma kwa sababu mkoa wetu ulishapita huko na jibu tulishalipata. Mapori yalifyekwa tangu enzi za mkoloni kuua mbung'o, baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha ngitili zao, yaani malisho yao ya akiba, mbali, mpaka ikawa inasemwa Shinyanga inageuka jangwa. 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wao mwanzoni walikuja na miche ya vitaluni, ila wakakaa chini na wazee wakasikia habari za ngitili, lile eneo la malisho unalifunga mvua zikianza na kulifungua kiangazi kikikolea ili ng'ombe wapate majani. Hapo hamna mche wa kununua wala wa kumwagilia, visiki vinachipua vyenyewe, na anayeingiza mifugo kabla ya muda dagashida, baraza la jadi la kijiji, inamkalia kikao na sungusungu, walinzi wa kijiji, wanasimamia faini. Mwanzoni zilikuwepo hekta za ngitili kama 600 tu, zikaja kufika zaidi ya 300,000, kuni zikasogea karibu, asali ikarudi, dawa, nyasi za kuezekea.

Sasa nasikia kuna mradi mwingine unakuja. Namuomba mtendaji na mwenyekiti wetu, kabla hawajagonga muhuri, wausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, kwetu huu mwaka bado hata mmoja. Bajeti isomwe kwa sauti watu wasikie, na muda upangwe ambao wamama wanaweza kuja, kuni si wanabeba wao? Na yule mzee yupo bado, aachiwe aulize swali lake mpaka mwisho.

Msomaji wako,
Shinyanga