Gari linatetemeka kwenye sailensi? Usianzie duka la vipuri

"Fundi, nipandishie sailensi kidogo, gari linatetemeka nikisimama kwenye taa."

Ombi hili linakuja sana, hasa kwa IST, Spacio, Premio, Wish na Probox za miaka ya 2000 ambazo zimeshavuka kilomita 200,000, dashibodi iseme inachosema. Kupandisha sailensi, yaani mizunguko ya injini gari likiunguruma bila kukanyaga mafuta, kunawezekana, na ukitoka hapa utaona gari limetulia. Ila kilichokuwa kinalitetemesha bado kitakuwemo, na petroli itakayoungua bure kwenye foleni ya Mwenge utailipia wewe. Ndiyo maana tunakataa kugusa skrubu kabla ya kupima.

Injini nyingi za aina hii zikishapata moto hutulia kwenye mizunguko 600 hadi 750 kwa dakika. Hapo hewa inayoingia ni kidogo mno, kwa hiyo kasoro ndogo tu inasikika mpaka kwenye kiti. Ukikanyaga mafuta, kasoro ileile inamezwa. Usishangae basi gari likiwa tamu Morogoro Road na baya ukifika kwenye geti la nyumbani.

Swali la kwanza ni kama injini inamisi kweli, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta sawasawa. Wako wanaokuja wameshanunua plagi na koili (zinazozipa plagi umeme) zote nne, kumbe injini inazunguka vizuri na tatizo ni mauntingi (mipira inayoshikilia injini) zilizokufa, mtetemo wa kawaida unapita moja kwa moja kwenye bodi. Gari la namna hiyo hutetemeka zaidi ukiwa kwenye gia ya D na mguu kwenye breki, ukiweka N linapungua, na mashine ya kusoma kompyuta ya gari haionyeshi silinda yoyote inayomisi.

Kama inamisi, mashine kwa kawaida hutoa namba ya hitilafu P0300, au P0301 hadi P0304, ambapo tarakimu ya mwisho inataja silinda. Pesa za wateja hupotelea hapa. P0303 inasema silinda ya 3 inamisi. Haisemi kwa nini. Fundi mwenye haraka ataagiza koili. Sisi tunachukua koili ya silinda ya 3 tunaiweka ya 1, kisha tunaliacha gari lingurume. Namba ikihamia P0301, koili ndiyo mbovu. Isipohama tunafanya hivyohivyo kwa plagi, halafu tunaangalia nozeli inayopulizia petroli. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya 1.5 iliyomo kwenye IST na Probox, kila plagi ina koili yake juu, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Tukichomoa koili tukakuta shimo la plagi lina oili, gasketi ya kava ya valvu imechoka, na koili mpya ukiiweka humo haitadumu. Kwa injini za zamani zaidi, kama 5A yenye distributa (kigawa umeme wa plagi), tunaanza na kifuniko chake, rota na waya za plagi.

Kisha kuna magari yanayotusumbua hata sisi: asubuhi yanatetemeka, yakipata moto yanatulia, na taa ya injini inawaka na P0171. Namba hiyo inamaanisha mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Mara nyingi hewa inapenya mahali isipotakiwa: mpira wa vakyumu uliopasuka, mpira mkubwa wa hewa baada ya eya klina, au gasketi ya menifoldi ya kuingizia hewa iliyokakamaa. Injini za 1ZZ, zile za 1.8 zilizomo kwenye Wish, Allion na RAV4, zinajulikana kwa hilo la gasketi. Ikiwa baridi inaachia, ikipata joto inatanuka na kuziba.

Kubaini haihitaji kubahatisha. Kompyuta ya gari huongeza petroli kufidia hewa iliyozidi, na mashine inatuonyesha imeongeza asilimia ngapi. Ikiwa kwenye sailensi inaongeza 20 na zaidi, lakini tukipandisha hadi mizunguko 2,500 inashuka karibu na sifuri, hewa inavuja. Ikiwa kinyume chake, yaani inaongeza zaidi gari likibeba mzigo, tunahamia kwenye pampu ya mafuta, chujio, au sensa ya hewa iliyochafuka. Tundu lenyewe tunalitafuta kwa mashine ya moshi. Tafadhali usimruhusu mtu kunyunyizia petroli kwenye injini ya moto ili "asikie inapobadilika". Magari huungua hivyo.

Throtoli (mlango wa hewa ya injini) chafu ni jambo jepesi: tunasafisha. Ila kwenye throtoli ya umeme sailensi inaweza kubaki juu baada ya kusafishwa mpaka kompyuta ijifunze upya, kwa hiyo usikubali kuambiwa throtoli imekufa siku hiyohiyo. Oili nayo ikicheleweshwa, valvu ya VVT-i (mfumo unaotumia oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini) hunata kwa tope, na gari huanza kutetemeka au kuzima kabisa likisimama.

Yote hayo yakiwa safi na silinda moja bado inamisi, tunapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Tofauti kati ya silinda ikizidi psi 15 hivi, tunakaa na wewe na kuzungumza kabla ya kufungua chochote, kwa sababu hapo gharama ni nyingine na kwa baadhi ya magari injini ya kubadilisha inaweza kuwa nafuu kuliko kukarabati hiyo.

Ukiamua kulileta, lilete jioni lilale hapa, ili asubuhi tuliwashe likiwa baridi. Usichomoe betri wala kumwachia mtu afute taa ya injini njiani, maana kumbukumbu za hitilafu zitapotea na tutalazimika kusubiri ijirudie. Gharama ya kupima unaambiwa kabla hatujafungua boneti, na kipuri chochote tutakachokitoa utarudishiwa.