Kwa dada wa saa ya mapumziko

Jina lako sikuliuliza, na kosa hilo ni langu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiangalia watoto saa ya mapumziko, shule zilipofunguliwa baada ya korona.

Mwaka 2020 binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha herufi, shule zikafungwa. Hakuwa peke yake. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni moja duniani waliokumbwa na hali hiyo. Aliporudi, masomo aliyakimbiza akayafikia. Kucheza ndiko kulikomshinda. Alisahau hata namna ya kuomba zamu, na barakoa zilimficha nani anacheka, nani amenuna. Akawa anakaa ukutani, anafunga na kufungua kamba za viatu.

Ukamwona. Hukumsukuma kwa wenzake, wala hukumwambia "acha aibu" mbele za watu, jambo ambalo mimi mama yake nilikuwa nalifanya kila siku. Ulimwomba tu akushikie ncha moja ya kamba ya kuruka, akuhesabie. Mshika kamba haruki wala haongei sana, lakini kila anayetaka kuruka lazima amwangalie yeye. Siku ya tatu alirudi nyumbani na majina manne. Majina! Miezi ilikuwa imepita hajanitajia hata moja.

Nilipokuja kukutafuta mwisho wa muhula, nikaambiwa umeshahama. Kamba ile imechakaa ncha, wameipiga fundo, na wale wanne bado wanaigombania. Asante sana, dada.