Kamati ya harusi inasoma hesabu, kamati ya maafa je?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Kila mara nchi ikipata janga naona gazetini kwako ile picha ya hundi kubwa kama mlango, watu sita wameishika wanacheka, chini kimeandikwa kiasi. Sawa. Ile picha ya pili sasa, ya pesa imefanya nini, mbona huwa siioni?

Mimi mtu wa Bukoba, nipo Dar miaka mingi. Lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga Jumamosi alasiri, nyumba ya shangazi yangu pale Hamugembe ikabaki ukuta mmoja na mlango. Kazini kwetu tukakatwa mshahara kuchangia waathirika na hakuna aliyenuna, tena wengine Kagera wanaijua kwa senene tu. Na niseme ukweli, wiki za mwanzo watu walijitahidi sana, maturubai yalifika, vyakula, mablanketi, Waziri Mkuu akawaita mabalozi na wafanyabiashara wakachanga. Kabla mwezi haujaisha tukasikia viongozi wawili kule mkoani wametenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lilelile la kamati ya maafa, hapo ndo miguno ikaanza.

Ila mimi hilo silo linaloniuma. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akasema wazi serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja, hela inaenda kwenye mashule na huduma za umma. Shule ya sekondari ya Ihungo ilikuwa imebomoka, ikajengwa upya kwa msaada wa Uingereza na imependeza kweli, sibishi, shule ni ya wote. Lakini shangazi alikuwa chini ya turubai tangu Septemba, mvua za vuli zote zimempigia humo, na kila jioni redioni anasikia mamilioni yanatajwa, fulani katoa hiki fulani kile, sasa we ungekuwa yeye ungeanza kujenga? Si ungesubiri? Angeambiwa mapema kwamba hela ile si ya nyumba yake, angeuza kahawa yake akatafuta fundi, majirani walikuwa bado wana moto wa kusaidiana. Kufika Januari kila mtu kashachoka.

Halafu angalia Hanang, kule Manyara. Desemba 2023 tope lilishuka mlimani likafunika Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na safari hii nyumba zaidi ya 100 zikajengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Safi sana, nimefurahi. Kumbe inawezekana! Basi tuambiwe kanuni ni ipi, lini mwathirika anajengewa na lini anajitegemea, na tuambiwe siku ya kwanza ya kuchangishwa.

Maana hata kamati ya harusi ya mtaani, siku ya kuvunja kamati mweka hazina anasimama anasoma mpaka kreti za soda zilizobaki, na akikosea elfu kumi atajuta. Nyie waandishi hundi mnazipiga picha vizuri, basi rudini baada ya mwaka mmoja mkaulize.

Shangazi alikuja kujenga vyumba viwili mwenyewe, taratibu, watoto wakichanga. Turubai analo mpaka leo, anaanikia kahawa.

Mjukuu wa Hamugembe,
Dar es Salaam