Pumziko la Sabato ni la kibarua pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni kuhusu mjadala wa siku ya ibada, ambao hapa Mbeya hauishi. Katika mji ambamo Waadventista wa Sabato hufunga kazi Ijumaa jua linapotua, huku Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki wakingoja kengele ya Jumapili, si ajabu kukuta watu sokoni Mwanjelwa wakirushiana aya kuhusu siku iliyo halali. Sikusudii kuuamua ugomvi huo. Ninalolalamikia ni kwamba tumebishana juu ya siku hadi tukasahau amri yenyewe inamwagiza nani.

Mwanzo 2 inasema Mungu alistarehe siku ya saba. Hakustarehe kwa uchovu, kwa maana Isaya 40:28 inashuhudia kwamba hazimii wala hachoki; alikwisha kuiona kazi yake kuwa njema sana, akaridhika nayo. Tena kila siku kati ya zile sita imefungwa kwa kutajwa jioni na asubuhi, lakini ya saba haikutajiwa jioni, na Waebrania 4 inafundisha kwamba raha hiyo ya sabato ingali imewasalia watu wa Mungu. Kwa hiyo anayepumzika anakiri kwamba riziki yake inashikwa na mkono usio wake.

Sasa tusome Kutoka 20:10 hadi mwisho wake. Wanaotajwa kupumzika ni pamoja na mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufugwa na mgeni aliye ndani ya malango, na Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu: wewe nawe ulikuwa mtumwa Misri. Anayeagizwa, basi, ni yule mwenye uwezo wa kumtuma mwenzake kazi.

Je, tunaitii amri hiyo? Familia inarudi kanisani ikakuta chakula mezani, lakini dada wa kazi aliyekipika hakwenda ibadani wala hakulala. Vibarua wa viazi kule Uporoto wanaambiwa lori lijae Jumapili hiyo hiyo, ilhali mwenye mzigo yuko kwaya. Na ndugu zangu washika Sabato wasicheke, kwa kuwa wapo wanaojizuia kuuza Jumamosi lakini wakamwachia duka kijana wa dini nyingine, kana kwamba neno “mgeni” halimo katika amri. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliotamani sabato iishe upesi ili warudi kupunja watu kwa vipimo vya uongo. Wakulima wetu, wanaojua lumbesa ni nini, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, hawahitaji mahubiri marefu kumwelewa.

Najua nitajibiwa kwamba mvua haimsubiri mtu. Hoja hiyo ni ya kale: mwaka 321 Kaisari Konstantino alipoagiza mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili, aliwaruhusu wakulima waendelee, wasije wakapoteza majira ya kupanda. Yesu naye, katika Luka 14, alitaja ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato, ambaye hakuna angemwacha humo. Nakubali yote hayo, lakini ng'ombe anayetumbukia kila wiki bila kukosa ametumbukizwa na mwenyewe.

Nawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa walitamke jambo hili mimbarani, tena kwa kuwataja waajiri. Hata serikali haijalinyamazia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi walau saa 24 za mapumziko kila wiki. Mwenye kuajiri dada wa kazi akae naye wapatane siku, asimkate mshahara kwa ajili yake, na ikiwa dada huyo ni Msabato katika nyumba ya Walutheri, basi siku hiyo iwe Jumamosi.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya