Kocha mpya wa Simba aanze na namna ya kuusaka mpira

Ndugu Mhariri,

Tangu Klabu ya Simba ilipomtangaza Steve Barker kuwa kocha wake mkuu mwezi Desemba 2025, mazungumzo ya wanachama na mashabiki yamejikita katika swali moja, nalo ni timu itacheza mpira wa aina gani. Jibu ninalolisikia mara nyingi zaidi ni kwamba kocha arudishe "pira biriani", yaani ule mpira wa pasi fupi na ufundi uliochezwa na Simba ya mwaka 2021. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini jibu hilo halitoshi, na ni mtindo upi ninaoamini unaifaa Simba kwa kuzingatia wachezaji ilionao, viwanja inavyochezea na mashindano inayoshiriki.

Pira biriani sikulisimuliwa. Aprili 3, 2021, Simba iliifunga AS Vita ya Kinshasa mabao 4-1 katika Uwanja wa Mkapa, Clatous Chama akifunga mawili, Luis Miquissone moja na Larry Bwalya moja, na hadi leo sijaona timu ya Tanzania ikicheza na timu kubwa ya Afrika kwa utulivu wa namna ile. Lakini mtindo ule ulisimama juu ya watu. Chama alikuwa na uwezo wa kupokea mpira akiwa amezungukwa na wapinzani watatu na bado akatoa pasi ya mpenyezo, na Miquissone alikuwa na uwezo wa kumtoka beki wake bila msaada wa mtu. Nyuma yao alisimama Taddeo Lwanga, aliyekata mipira bila kuchoka na ambaye leo hatajwi sana watu wanapokumbuka siku zile. Kabla ya msimu wa 2021/22 kuanza, Chama alikwenda RS Berkane na Miquissone akaenda Al Ahly, na mtindo wenyewe ukaondoka nao. Simba iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu misimu minne mfululizo ikaanza kuwatazama watani wa jadi, Yanga, wakiuchukua, nao wakauchukua misimu minne mfululizo.

Tukiwaacha waliokaimu, Barker ni kocha mkuu wa nane tangu Sven Vandenbroeck aondoke Januari 2021. Wamepita Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids na Dimitar Pantev, na kila mmoja alikuja na mawazo yake. Matokeo yake ni kwamba wachezaji waliosajiliwa kwa ajili ya mpira wa kocha mmoja wamejikuta wakitumiwa na kocha mwingine kwa kazi nyingine kabisa. Winga aliyeletwa ili akae pembeni na kupiga krosi huambiwa aingie ndani, na kiungo aliyezoea kukaba akiwa na mwenzake huachwa peke yake katikati. Siwalaumu makocha hao kwa pamoja, kwa sababu wapo waliofanya kazi nzuri, na Davids aliifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Ninachosema ni kwamba klabu yenyewe haijawahi kuwaambia wanachama wake, kwa maneno yanayoeleweka, inataka kucheza vipi bila kujali nani amekaa kwenye benchi.

Pendekezo langu ni kwamba mjadala uanzie mahali tofauti na pale unapoanzia sasa. Tumezoea kuuliza Simba ifanye nini ikiwa na mpira, ilhali vipigo vinavyotuuma vimetokana zaidi na yale inayoyafanya inapoupoteza. Novemba 5, 2023 tulikwenda mapumziko tukiwa sare ya 1-1 na Yanga, kisha tukafungwa mabao manne katika kipindi cha pili na mchezo ukaisha 5-1. Siku hiyo Simba ilishambulia na watu wengi, lakini mpira ulipopotea viungo walikuwa mbali na mabeki, na wachezaji wenye kasi wa Yanga walipewa uwanja mzima wa kukimbilia. Katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Shirikisho kule Morocco, Berkane walikwishatufunga mabao mawili kabla ya dakika ya 15, na ndiyo mabao yaliyoamua kombe, kwa kuwa sare ya 1-1 ya Zanzibar haikuweza kuyafuta. Kisha Novemba 2025, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, tulifungwa nyumbani na Petro Atlético ya Angola 1-0 na ugenini na Stade Malien ya Mali 2-1.

Kwa hiyo mtindo ninaoupendekeza ni wa kukabia juu na kushambulia haraka mara mpira unaporudi mikononi mwetu. Nina maana kwamba Simba ikipoteza mpira katika nusu ya mpinzani, wachezaji watatu walio karibu wamvamie mwenye mpira papo hapo, huku kiungo mkabaji akisogea kuziba pasi ya katikati, mabeki wa kati wakipanda hadi karibu na mstari wa kati, na beki wa pembeni wa upande wa pili akibaki nyuma. Mpira ukipatikana, pasi ya kwanza iende mbele. Usipopatikana ndani ya sekunde chache, timu yote irudi kwenye nafasi zake na kusubiri kwa utaratibu, maana kuendelea kufukuzia mpira mmoja mmoja huifungua timu kuliko kutokaba kabisa.

Sababu kubwa ya kuupendelea mtindo huu ni ligi yetu wenyewe. Katika michezo 30 ya msimu, mingi Simba hukutana na timu inayopaki basi, yenye wachezaji tisa au kumi nyuma ya mpira, ikiridhika na sare. Kila aendaye uwanjani anaijua picha inayofuata. Kipa anampa beki wa kati, beki wa kati anampa mwenzake, mwenzake anamrudishia, kiungo anashuka kuuomba akiwa ameligeuzia mgongo lango la mpinzani, mpira unarudi tena kwa beki, na mashabiki wa mzunguko, yaani wa viti vya bei ya chini, wanaanza kuguna. Takwimu za umiliki zinapanda na hakuna shuti linalolenga lango. Timu iliyojipanga namna hiyo ni ngumu kufunguliwa kwa pasi fupi, hasa kama huna Chama wa mwaka 2021. Hata hivyo kuna wakati mmoja ambapo inafunguka yenyewe, nao ni pale inapounyakua mpira na wachezaji wake wawili watatu kuanza kukimbilia mbele wakiamini wamepata nafasi ya kushambulia kwa kushtukiza. Ukiupora mpira wakati huo, umbali wa mita 25 kutoka lango lao, unahitaji pasi mbili tu na mabeki wao wako mguu mmoja mbele na mmoja nyuma.

Sababu ya pili ni viwanja. Mpira wa pasi ishirini kabla ya shuti unahitaji nyasi zinazoruhusu mpira utembee, na msimu wetu unamalizikia kwenye mvua za masika. Ruangwa dhidi ya Namungo, Kigoma dhidi ya Mashujaa, Mbeya pale Sokoine, mpira unadunda pasipotegemewa na pasi ya chini inakwama njiani. Timu iliyofundishwa kuwania mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa, na kuukimbilia kwa pamoja itapata pointi katika viwanja hivyo hata siku ambayo mafundi wake hawaonekani. Pointi hizo za mikoani ndizo zinazoamua ubingwa, na ndizo ambazo tumekuwa tukizidondosha.

Wachezaji wa kuuanzisha mtindo huu tunao. Kibu Denis amekuwa akilaumiwa kwa kukosa mabao, lakini katika timu inayokabia juu mchezaji anayekimbia dakika zote 90 na kumsumbua beki kila anapoupokea ana thamani kuliko fundi anayesimama. Yusuf Kagoma ana moyo wa kuuwania mpira, ingawa kadi nyekundu aliyopewa kwenye fainali ya Zanzibar ilionyesha kwamba kukaba kwa nguvu bila mwenzako karibu humfanya kiungo achelewe na kucheza rafu. Elie Mpanzu akipewa mpira huku beki wake akiwa bado anageuka ni mchezaji tofauti kabisa na Mpanzu anayepewa mpira mbele ya mabeki wawili waliokwishajipanga.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Kukabia juu kunachosha, safari zetu ni ndefu, na timu inayopanda ikivukwa kwa mpira mrefu inaadhibiwa. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana sipendekezi timu ikimbie kama imepandwa na mashetani mchezo mzima. Ugenini katika mashindano ya Afrika robo saa ya kwanza ichezwe kwa tahadhari, mistari ikiwa karibu karibu na mabeki wa pembeni wakibaki nyuma. Nyumbani, kinyume chake, tupande tangu filimbi ya kwanza, kama tulivyofanya dhidi ya Al Masry Aprili 2025, tulipofuta deni la mabao mawili ya mchezo wa kwanza ndani ya kipindi cha kwanza kwa mabao ya Mpanzu na Steven Mukwala, kisha tukashinda kwa penalti.

Barker hanipi wasiwasi katika hili. Timu yake ya Stellenbosch tulikutana nayo kwenye nusu fainali ya Shirikisho mwezi Aprili 2025, na katika dakika zote 180 bao pekee tulilolipata lilikuwa la mpira wa adhabu uliopigwa na Jean Charles Ahoua pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kabla ya hapo walikuwa wameitoa Zamalek kwa kuifunga Cairo kwenyewe. Ilikuwa timu ya wachezaji wasio na majina makubwa waliojua kila mmoja asimame wapi mpira unapopotea, na ilijengwa kwa miaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipandisha Ligi Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2019 na kuipa Kombe la Carling mwaka 2023.

Hapo ndipo ninapowageukia viongozi wetu kwa heshima. Mtindo kama huu haujengwi kwa mazoezi ya wiki mbili, na hauwezi kujengwa ikiwa dirisha dogo la usajili litaendeshwa kwa kufuata jina linalovuma mitandaoni. Kabla mchezaji hajasainiwa, benchi la ufundi liulizwe kama anakimbia bila mpira, kama anarudi kuziba nafasi, na kama umri na afya yake vinamruhusu kufanya hivyo kila baada ya siku tatu. Vijana wa timu ya chini ya miaka 20 nao wafundishwe kukaba kwa namna ileile, ili anayepandishwa asianze kujifunza upya. Na katika mkutano mkuu ujao wa wanachama, naomba uongozi utueleze wazi Barker ameajiriwa acheze mpira gani, na kwamba akija mwingine baada yake atatafutwa wa mtindo uleule.

Wako katika michezo,

Mwanachama wa Simba,
Temeke, Dar es Salaam.