Kipenyo cha tundu ni sahihi, mbona limekaa pasipo pake?

Malalamiko haya yanatufikia mara kwa mara: mashine ya kupima kwa koordinati inasoma kipenyo cha tundu vizuri kabisa, lakini tundu lenyewe linaonekana limehama. Fundi anashuku mihimili ya mashine. Sisi huuliza kwanza: kichwa cha probu (kifaa kinachogusa kipande ili kukipima) kiligeuzwa lini, na kilikalibrishwa tena, yaani mashine ilijulishwa upya ncha yake iko wapi?

Vichwa vya kugeuzwa kwa mkono viko vya namna mbili. Kuna vinavyolegezwa, vikaelekezwa utakako, kisha vikakazwa. MH20 ya Renishaw ni mojawapo. Na kuna vyenye vituo, kama MH20i, ambacho husimama kila digrii 15 na kina mikao 168. Hiki chenye vituo ukikirudisha kwenye mkao uliokwisha kukalibrishwa, unaendelea na kazi. Kile cha kwanza hakirudi palepale, hata uwe na jicho kali namna gani.

Piga hesabu: ncha ya sindano ya probu, ile inayogusa kipande, ikiwa milimita 100 kutoka kwenye kiungo, kosa la digrii 0.01 linaisogeza takriban milimita 0.017. Hakuna mkono unaohisi digrii 0.01. Kipenyo hakidhuriki, kwa sababu nukta zote za tundu zimesogea pamoja; kinachohama ni kitovu, kikilinganishwa na nyuso zilizopimwa kabla ya kugeuza. Ndiyo maana kazi ikipimwa yote kwa mkao mmoja, kosa halionekani.

Hatusemi kichwa kisicho na vituo kitupwe. Kwa vipande vinavyopimwa kutoka juu tu kinatosha, tena ni rahisi zaidi. Ila maliza vipimo vyote vya mkao mmoja kwanza, ndipo ugeuze, kisha ukalibrishe upya kwenye tufe, yaani mpira wa marejeo uliofungwa mezani pa mashine. Na tufe lisisogezwe! Hapa ndipo tunapokuta makosa mengi: mtu kakalibrisha kwa uaminifu, lakini alilisukuma tufe kidogo kupisha kipande. Programu ikiuliza kama tufe limehamishwa, naye akajibu hapana, mkao wa zamani na mpya havielewani tena.

Ikiwa kila kipande kinakulazimisha kugeuza mara nne au tano, hapo muda wa kukalibrisha ndio unaokula siku, na chenye vituo kinafaa zaidi. Mkituandikia, tutajieni urefu wa sindano na idadi ya pande mnazopima.