Malalamiko kuhusu devidwari iliyoungua na namna nilivyopokelewa kwenye kaunta yenu

Lubumbashi, tarehe 3 Novemba

Bwana Direkta,

Kwa heshima zote. Fakitire yangu mnayo, na garanti yenu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo siingii huko. Naandika kwa sababu ya devidwari, ile mashine ya kusukuma waya wa kuchomelea, iliyoungua kwenye karakana yangu ya Katuba, mikononi mwa tekinisiani wenu, na kwa sababu ya mambo niliyofanyiwa kwenye kaunta yenu tarehe 21 Oktoba. Hayo ya kaunta ndiyo yananikosesha usingizi.

Niliingia dukani na karti iliyoungua, yaani bamba la umeme la ndani ya devidwari, ndani ya mfuko. Kijana wangu wa kazi alikuwa pembeni yangu, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nikasalimia, nikaeleza shida yangu polepole. Mkuu wenu wa huduma kwa wateja akaisukuma ile karti kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mende, hadi ikaangukia miguuni pangu. Akasema kwa sauti ya duka zima: «Mafundi wa kwenye vumbi hawana garanti. Nenda ujifunze kwanza kusoma.»

Kusoma. Basi tusome pamoja, Bwana Direkta.

Kibao cha devidwari mliyoniuzia kinasema volti 24. Tundu la pini 14 la posti, yaani mashine ya kuchomelea inayolisha devidwari umeme, linatoa volti 24 kwenye pini fulani na volti 115 kwenye pini nyingine. Iko ndani ya kitabu chenu wenyewe. Tekinisiani wenu alikuja bila kebo yake. Alichukua kebo ya mashine nyingine, akaikata plagi kwa kisu, akaunga nyaya kwa kukisia rangi. Mimi, huyu asiyejua kusoma, ndiye niliyemwonyesha kibao. Nikamwambia: «Papa, tuangalie kwanza volti.» Akanijibu kwamba plagi ikiingia, basi ni yake. Plagi za pini 14 zinafanana kwa macho, hata za viwanda tofauti, lakini umeme uliomo haufanani. Aliiwasha, tukasikia harufu, moshi ukatoka, kazi ikaisha.

Moshi ulikuja baadaye lakini. Kabla ya moshi kulikuwa na jambo baya zaidi, na sijui kwa nini naliandika la pili. Posti haikuzimwa hata mara moja. Mtu anayeunganisha devidwari anazima posti, anakata umeme ukutani, anahakikisha hakuna atakayeuwasha nyuma ya mgongo wake, ndipo anagusa nguzo, yaani vichwa vya posti vya kufungia kebo. Wenu aliiacha inanguruma, tena kwenye hali ya kuchomelea kwa elektrodi, ambamo nguzo zinakuwa na umeme muda wote hata kama hakuna anayechomelea. Akafunga kebo nene kwenye nguzo chanya. Hapo alikuwa sawa, maana waya wa chuma usio na unga ndani, unaochomelewa kwa gesi, unataka chanya, lakini hata hiyo kebo aliikaza kwa vidole tu, bila ufunguo, na kila mchomeleaji anajua kiungo kilicholegea kinavyopata moto. Kisha akamwambia kijana wangu apitishe waya wa milimita 1,2 kwenye rola.

Devidwari ile haina swichi ya ndani ya kukata umeme wa kuchomelea. Kebo ikishafungwa kwenye posti iliyowaka, waya una umeme, bobini ina umeme, rola zina umeme. Kijana alikuwa ameegemea meza ya chuma iliyobanwa koleo la masi, lile linalorudisha umeme wa kuchomelea kwenye posti. Oktoba, joto lile mnalijua, shati limelowa jasho. Alirushwa nyuma, bega likateguka. Ana miaka 17, amekuja kwangu kujifunza, na mama yake alinikabidhi yeye kwa mkono wake.

Ndiye huyo aliyekuwa amesimama pembeni yangu kwenye kaunta. Narudia, ili msiseme sikueleza vizuri. Kalamu ilisukuma karti. Karti ikaanguka. Kijana akainama kuiokota kwa mkono mmoja, mkuu wenu akimwangalia bila kusogea. «Mafundi wa kwenye vumbi.» Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja niliyemtengenezea lango mwaka jana, akatazama chini kwa aibu yangu. Kuna mtu alicheka. Nimechomelea miaka 19. Nimeishi na vumbi la Katuba na ndilo lililolipa dola 3850 nilizoweka mezani kwenu, noti baada ya noti, na siku ile hakuna aliyeniuliza kama najua kusoma.

Nilipoondoka nyumbani kuja kwenu nilitaka kitu kimoja: karti mpya. Leo haitoshi. Nataka devidwari nzima mpya, na iunganishwe na mtu anayesoma kibao, anayekuja na kebo halisi ya kiwanda, anayekata umeme kabla ya kugusa. Nataka mlipe matibabu ya bega, risiti zote nimeziweka. Nataka mlipe siku ambazo karakana imekaa bila kazi, tangu tarehe 14 Oktoba hadi mashine itakapowaka. Na mkuu yule aombe msamaha pale pale kwenye kaunta, duka likiwa limejaa, amwombe kijana kwanza, mimi baadaye.

Nawapa siku nane tangu mtakaposaini kupokea barua hii. Mwanzoni nilifikiria siku kumi na tano, lakini nilipofika kwenye habari ya kalamu nikabadili. Zikipita bila jibu la maandishi, wakili atapeleka faili kwenye Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi, na nitawaambia mafundi wa komuni za hapa mjini, Katuba, Kenya na Kamalondo, mmoja mmoja, nani alikuja kwangu bila kebo.

Karti iliyoungua ninayo. Plagi iliyokatwa kwa kisu ninayo pia, nyaya zikiwa bado zimeungwa kwenye pini za volti 115 vile vile alivyoziacha. Msitume mtu kuzichukua. Atakayetaka kuziona aje na wakili wenu, wangu akiwepo.

Mteja wenu wa Katuba